Majibu kwa Wanaosema Mtaa Umeharibu Maneno ya Saikolojia

Siku hizi mtu akisema ana depresheni, hujibiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza humwambia aache kukuza mambo, hiyo ni njaa au mapenzi, itapita. Wa pili humkubalia hapohapo na kumwongezea juu: mumeo narsisti, bosi wako anakugaslaiti, na mama yako ndiye aliyekupa trauma tangu utotoni. Kati ya watu hawa wawili yamezaliwa madai kadhaa kuhusu maneno ya saikolojia na namna yanavyobadilika midomoni mwetu. Yanarudiwa redioni, vyuoni, misibani na kwenye vikao vya wazazi, na wengi wetu sasa tunayajua kwa ghibu. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, na mengine nayakubali nusu. Naandika kwa uchungu, kwa sababu katikati ya ubishi huu yupo mtu anayeumwa kweli, na mara nyingi ndiye anayesahaulika kwanza.

“Maneno ni ya wataalamu, mtaa ndio ulioyaharibu”

Dai hili hudhani kwamba neno huzaliwa kliniki likiwa na maana moja safi, kisha hutoka nje likachafuka. Chukua uraibu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza aliyoihariri Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inalieleza neno hilo kuwa mchanganyiko wa kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Uraibu ulikuwa kitu cha kuandaliwa mgeni. Sinia lililetwa harusini na barazani, mtu akachukua jani, akapaka chokaa, akakunja, akatia shavuni, mazungumzo yakaendelea. Leo mwite mtu mraibu uone atakavyokutazama. Neno limekuwa la heroini, la gongo, la kamari ya simu. Kliniki ya methadoni ilipoanza Muhimbili mwaka 2011, waraibu walikuwa wagonjwa wanaofika kila siku kunywa dozi yao mbele ya muuguzi. Katika safari ya neno hili mtaa haukumnyang'anya daktari chochote. Lugha ya tiba ndiyo iliyochukua neno la ukarimu ikalifanya la maradhi, na ile maana ya sinia imebaki kwa wazee wa mwambao.

Wasiwasi una kisa kirefu zaidi, nami nakipenda kuliko vyote. Asili yake ni Kiarabu: minong'ono ya Shetani kifuani mwa mtu, ile inayotajwa katika Sura ya An-Nas mwishoni mwa Kurani. Wanazuoni wa fiqhi walilitumia kwa mtu ambaye shaka haimwachi katika ibada yake, na Mombasa, Lamu na Unguja mtu huyo yupo mpaka leo, na jina la hali yake ni hilohilo: fulani ana wasiwasi. Utamwona bombani. Ameosha mkono hadi kiwiko mara tatu, anahisi kuna pahali pamebaki pakavu, anaanza tena. Wenzake wamekwisha kuingia msikitini. Akifika safuni anatia nia, anaikata, anatia tena, na imamu amekwisha kurukuu. Wanazuoni walimwambia asiutii wasiwasi wake: aoshe mara tatu, aishie hapo, asirudi nyuma hata nafsi ikimsuta. Ushauri huo uko karibu sana na tiba inayotumiwa sasa hospitalini, ambapo mgonjwa huzoezwa kuikabili shaka yake bila kukirudia kile kitendo. Ndiyo maana madaktari wa akili wa nchi za Kiarabu wamelichukua neno hilohilo kuutaja ugonjwa huo, ule ambao vijana wetu wanaujua kwa herufi tatu, OCD.

Katika Kiswahili cha kila siku neno lilishika njia nyingine. Wasiwasi ukawa hofu yoyote: basi limechelewa, matokeo ya mtihani hayajatoka, mtoto hapokei simu. Kisha wahudumu wa afya wakaja, wakaikuta maana hii ya mtaani, wakajenga juu yake. Ugonjwa wa wasiwasi kwa Kiswahili cha hospitali ni hofu iliyopita kiasi, na kurudiarudia kumetafutiwa jina lingine. Kwa hiyo shina moja la neno linataja maradhi mawili tofauti Cairo na Dar es Salaam, na hakuna aliyekosea. Kinachoniuma ni kingine. Kijana wa ofisini Nairobi anayependa meza yake iwe nadhifu anasema ana OCD, na yule wa bombani, ambaye ugonjwa wake ndio huo hasa, hajui kwamba unatibika.

Na wataalamu wenyewe hawajasimama mahali pamoja. Trauma kwa Kigiriki ni jeraha, na madaktari wa upasuaji bado hulitumia hivyo. Mwaka 1889 Hermann Oppenheim, daktari wa Berlin, alichapisha kitabu juu ya watu waliopata ajali za reli na za viwandani ambao matatizo yao yaliendelea hata pale jeraha la kuonekana lilipokuwa limepona. Mwaka 1980, baada ya msukumo mkubwa wa wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam na wale waliowatetea, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa wa baada ya kiwewe katika toleo la tatu la mwongozo wake, DSM, kwa sharti kwamba tukio liwe nje ya mambo ya kawaida ya maisha ya binadamu. Toleo la 1994 likaliondoa sharti hilo na kupanua mlango. Hata aliyepata habari kwamba jamaa yake wa karibu amenusurika kifo aliweza kuhesabiwa. Toleo la 2013 likabana tena: kuona maafa kwenye televisheni peke yake hakutoshi, na kifo cha maradhi cha jamaa, hata kikiwa cha ghafla, kimeachwa nje. Anayetaka turudi kwenye maana halisi ya trauma atuambie kwanza ni ya mwaka gani.

“Maneno hayavunji mfupa, kila mtu aseme apendavyo”

Mwaka 1910 mwanasaikolojia Henry Goddard, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya watu wenye ulemavu wa akili huko Vineland, New Jersey, alileta neno moron. Alilipanga juu ya mawili yaliyokuwepo. Idiot alikuwa mtu mzima mwenye akili isiyozidi ya mtoto wa miaka 2, imbecile ya mtoto wa miaka 3 hadi 7, na moron ya miaka 8 hadi 12. Yalikuwa maneno ya kitaalamu yenye vipimo vyake. Yalipozoeleka midomoni, vipimo vilisahaulika, lakini uzito wa kitaalamu ulibaki, na uzito huo ukafika mahakamani. Mwaka 1927, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi Carrie Buck, msichana aliyehesabiwa pamoja na mama yake na mtoto wake kuwa vizazi vitatu vya imbecile. Baadaye ilibainika kwamba akili yake ilikuwa nzima. Alikuwa amebakwa na jamaa wa familia iliyokuwa ikimlea, akapata mimba, na wakamwondoa nyumbani. Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria za namna hiyo. Mfupa haukuvunjika, ni kweli.

Maneno hayo yalifika hadi kwetu. Kanuni za adhabu tulizorithi kwa Waingereza, Kenya katika kifungu cha 146 na Tanzania katika kifungu cha 137, ziliwaita wanawake wenye ulemavu wa akili idiot na imbecile, tena katika vifungu vilivyokusudiwa kuwalinda wasibakwe. Nasi tunayo yetu: punguani, taahira, zezeta. Hata majina ya hospitali yamegeuzwa matusi, Mirembe kwa Tanzania na Mathari kwa Kenya. Kwenye ubishi wa mpira mtu humwambia mwenzake “wewe umetoroka Mirembe” na wote wakacheka. Lakini wapo ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wao mpaka stendi ya mabasi, na wakiulizwa safari ya wapi husema Dodoma tu, bila kuitaja Mirembe, na wakiulizwa kuna nini huko hubadilisha mazungumzo. Wengine huahirisha kabisa. Kwa mtu anayesikia sauti zinazomwamuru kujidhuru, mwezi mmoja wa kuahirisha ni hatari kubwa, na aibu inayowachelewesha tumeitengeneza sisi kwa mdomo.

Sisemi kila utani una madhara. Lugha yetu ina maneno mengi ya wazimu na pepo yaliyohama bila kumuumiza mtu. Kupagawa kulikuwa kuingiwa na pepo; leo mashabiki wanapagawa msanii akipanda jukwaani. Mzuka ni roho ya mfu, na kijana anayesema ana mzuka anataka kucheza muziki. Vijana wa Dar es Salaam wamewaita marafiki zao wapenzi “machizi wangu” kwa miaka mingi, na ndani yake kuna mapenzi. Aliyependa mno husema amedata. Tofauti naiona hapa: mtu mwenye hali yenyewe akilitamka neno hilo, bado anasikika? Aliyepandisha pepo hapotezi chochote kwa mashabiki kupagawa, kwa kuwa hakuna anayechanganya hao wawili. Aliyelazwa Mirembe akitaja alikotoka, watu hawasikii tena jina la hospitali, wanasikia tusi. Kipimo hicho nitakirudia.

“Basi tubadilishe majina, yaishe”

Nusu ya dai hili nailinda. Mwaka 1993 chama cha familia za wagonjwa wa akili nchini Japani kiliwaomba madaktari wa akili walibadilishe jina la skizofrenia, ambalo kwa Kijapani lilimaanisha ugonjwa wa akili iliyopasuka. Walisema jina lenyewe lilikuwa hukumu. Mwaka 2002 jina jipya likapitishwa, lenye maana ya kuvurugika kwa mpangilio wa fikra na hisia. Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wakimficha mgonjwa jina la ugonjwa wake. Ndani ya miaka 3, wagonjwa wanaoambiwa ukweli walipanda kutoka asilimia 36.7 hadi asilimia 69.7. Hilo ni jambo kubwa. Mtu asiyejua anaumwa nini hawezi kushika dawa yake kwa moyo.

Lakini tazama walichokifanya. Jina lilikuja pamoja na maelezo mapya ya ugonjwa wenyewe, kwamba unatibika na kwamba wengi hupata nafuu, na lilitoka kwa familia zinazoishi nao. Mahali ambapo jina limebadilishwa peke yake, tusi hulifuata. Uingereza, chama cha watu wenye mtindio wa ubongo kilikuwa na neno spastic katika jina lake. Watoto wa shule wakalifanya tusi, chama kikajiita Scope mwaka 1994, na haikuchukua muda jina jipya nalo likaanza kusikika uwanjani shuleni kama tusi. Steven Pinker ameieleza tabia hii ya maneno ya staha kuchakaa na kuhitaji kubadilishwa tena na tena. Dharau ikibaki ilipo, hulifuata neno lolote linalowekwa.

Sisi tumetoka kwenye kichaa, tukaenda kwenye mgonjwa wa akili, sasa tuko kwenye mwenye changamoto ya afya ya akili. Nia ni njema na naiheshimu. Ila neno hili la mwisho limepanuka hadi linaficha. Gazeti litaandika kwamba mwanafunzi aliyefadhaishwa na mtihani ana changamoto ya afya ya akili, na ukurasa unaofuata kwamba mtu aliyemkata jirani yake panga kwa kuamini amegeuka nyoka naye ana changamoto ya afya ya akili. Msomaji anajifunza nini? Huenda akaanza kumwogopa mwanafunzi, au akampuuza huyo wa pili mpaka maafa yatokee. Kwenye kipimo changu neno linashindwa, maana wote wawili wakilitamka hakuna anayejua ni yupi wa kukimbiziwa hospitali usiku huu.

“Zamani haya hayakuwepo, vijana wanajidekeza”

Mkusanyiko wa maneno yetu wenyewe unalikanusha dai hili. Huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, unyonge, sononeko, kiwewe. Tena tunalo kihoro, na wazee walisema fulani amekufa kwa kihoro bila kuhitaji daktari athibitishe kwamba majonzi yanaweza kuua. Watu wasiokuwa na hali hawaiundii majina manane.

Huzuni lenyewe ni neno la Kiarabu, na juu yake aliandika Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934. Katika kitabu chake cha kutunza mwili na nafsi aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoijua, ambayo aliihusisha na mwili na kuielekeza kwenye tiba. Ni tofauti ambayo madaktari waliendelea kuijadili miaka elfu baadaye. Kwa Washona wa Zimbabwe neno ni kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. DSM ya 2013 imeliorodhesha, na Dixon Chibanda, daktari wa akili wa nchi hiyo, amejenga huduma nzima juu ya lugha ya namna hiyo, ambapo bibi waliofunzwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Kinyarwanda kililisukuma mbele neno ihahamuka, la mtu anayekosa pumzi kwa hofu, likawa jina la yale yanayowapata manusura hasa wakati wa maombolezo ya Aprili. Hakuna aliyewaambia wanajidekeza.

Wanaolalamikia kupanuka kwa maana hupenda kumtaja Nick Haslam wa Chuo Kikuu cha Melbourne, aliyeandika mwaka 2016 kwamba dhana za madhara, kama trauma, uonevu, unyanyasaji na uraibu, zimetanuka kwa njia mbili: zinajumuisha mambo ya aina mpya, na zinashuka hadi kugusa mambo madogo zaidi. Ni kazi nzuri. Lakini Haslam mwenyewe hakusema kwamba kila kutanuka ni hasara. Mfano uko karibu. Zamani, ukatili wa nyumbani ulihesabiwa kwa alama mwilini. Mke asiyekuwa na jeraha alirudishwa kwa mumewe na kuambiwa avumilie. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani imeujumuisha ukatili wa kisaikolojia na wa kiuchumi. Maana imepanuka, na mwanamke anayenyang'anywa mshahara, anayefungiwa ndani na kutukanwa kila siku mbele ya wanawe sasa ana kifungu cha kushika mkononi. Kwa kipimo kilekile, hapa neno limemfanya asikike ambaye hakusikika.

“Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mtu akisema anaumwa, anaumwa”

Maumivu yake nayaamini. Anaposema halali, hali, hana hamu, mimi si wa kumpinga. Kusema jina la ugonjwa, hata hivyo, ni dai la aina nyingine, na dai hilo linaweza kuwa si sahihi bila mtu kuwa mwongo.

Fomu ya maswali 9 inayotumiwa kliniki nyingi, iliyokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa magharibi mwa Kenya, huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Ili daktari aseme sonona, yaani depresheni, dalili zinatakiwa ziwe angalau 5, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, ziwepo karibu kila siku, na ziwe zimemzuia mtu katika kazi au maisha yake. Mtu anayesema ni baipola kwa kuwa asubuhi alicheka na jioni akanuna, anataja jambo lingine kabisa. Kipindi cha mania huhesabiwa kwa wiki nzima au zaidi: mtu halali na hachoki, anatumia akiba yote, anaanza miradi mitano, anaamini ametumwa. Kukosea hapa kuna gharama. Mwenye baipola akipewa dawa za sonona peke yake kwa kuwa amejitambulisha kwa jina hilo, anaweza kupandishwa hadi mania. Mwenye upungufu wa homoni za tezi ya shingo atachoka na kusononeka vilevile, na wakati anaendelea kujiita mgonjwa wa depresheni hakuna anayempima damu.

Mbaya zaidi ni kuwapa wengine majina. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa akili kama Barry Goldwater, mgombea urais, alifaa kuongoza, na zaidi ya elfu moja wakajibu juu ya mtu ambaye hawakuwahi kumpima. Aibu ile ilizaa kanuni ya mwaka 1973 inayowakataza kumtangazia mtu ugonjwa bila kumchunguza. Waliosomea kazi hiyo wamejifunga, sisi tumejiachia. Narsisti sasa ni mchumba yeyote aliyetuacha. Gaslaiti imetokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938, iliyofanywa filamu mwaka 1944, Ingrid Bergman akiigiza mke: mume anapanga kwa muda mrefu kumfanya mkewe aamini macho na masikio yake yanamdanganya, ili aonekane mwendawazimu. Ni kitendo cha kikatili na kinahitaji jina lake. Mume aliyesahau kwamba aliahidi kuleta unga hajafanya hivyo, wala bosi asiyekubaliana na ripoti yako. Tukiwapa wote jina moja, yule mwanamke ambaye mumewe kweli anaficha vitu na kumwambia amerukwa na akili ataambiwa hayo ni maneno ya mitandaoni.

“Wataalamu watuundie istilahi mpya, mkanganyiko utaisha”

Sonona ni istilahi nzuri, inatokana na kusononeka, haina tusi ndani yake, na imekwisha kuingia kwenye vitabu na taarifa za habari Tanzania. Naitumia mwenyewe. Niliwahi kukaa pembeni ya muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto akisoma fomu yake. Mbele yake ameketi mama mwenye mtoto mchanga mgongoni.

“Mama, wiki mbili hizi umekuwa na sonona?”

“Hapana, dada.”

Muuguzi akatia alama, akaendelea na maswali mengine, kisha akarudi nyuma kwa hiari yake. “Na mawazo je?”

“Mawazo ninayo, dada yangu. Usiku silali. Nikimtazama huyu mtoto naona kama si wangu.”

“Tangu lini?”

“Tangu arobaini haijaisha.”

Alama ya kwanza ikafutwa. Mama yule alikuwa na jibu lote mdomoni, na fomu ilikuwa imemuuliza kwa neno ambalo kwake ni la redioni. Mawazo nayo yana upana wake, najua. Mwenye deni la kodi anasema ana mawazo, na mwenye ada ya shule pia. Lakini ni neno ambalo mgonjwa huja nalo mwenyewe, na maswali mawili yanayofuata, ya tangu lini na ya nini kimeshindikana, ndiyo yaliyomtenga mama huyu na mwenye deni la kodi.

Istilahi zibaki kwenye mafaili na vitabu, kwa kuwa daktari wa Kigoma na wa Mombasa wanahitaji kuelewana. Fomu, hata hivyo, ianze na neno la mgonjwa: mawazo huku, mastresi kwa vijana wa Nairobi, wasiwasi wa bombani kwa watu wa mwambao, na muuguzi aelezwe kila moja linaweza kuficha nini. Kazi hiyo haihitaji kusubiri kamati ya taifa. Kila kliniki inaweza kuweka daftari mezani na kuandika humo sentensi ya kwanza ya mgonjwa kama alivyoisema, kabla hajaulizwa lolote, na mwisho wa mwezi wahudumu wakalisoma pamoja.